Zuwena Hapokei Simu

Sokoni Rumonge, upande wa wauza mawese, wote wanajua kwamba simu ya Zuwena ikilia jioni hapokei. Huitazama tu, mikono imemng'aa mafuta hadi viwikoni, akatabasamu, akaiacha inyamaze. Mgeni angedhani anamkwepa mdai. Kumbe ni mama yake, Bi Mariyamu, anamsalimia kutoka Ujiji, upande wa pili wa mpaka.

Familia yao ilikimbilia huko wakati wa vita. Zuwena akarudi na mumewe, mama akabaki kwa mwanawe Anwari. Ni ufuko uleule wa ziwa, ukishuka kusini, na watu wa Rumonge huenda na kurudi kama wanaokwenda kwa jirani. Kampuni ya simu haioni hivyo. Kwake Ujiji ni ng'ambo sawa na Ulaya, na dakika moja ya ng'ambo inakula mboga ya siku nzima. Wenye simu kubwa huongea na jamaa zao kwa intaneti hadi wakachoka, lakini Bi Mariyamu na bintiye wana simu za tochi.

Basi wakajitungia lugha yao. Kila baada ya magharibi mama anabipu mara moja: nipo. Zuwena naye anabipu mara moja: nami nipo. Bipu tatu mfululizo maana yake kuna jambo, tafuta vocha upige. Sharti lilikuwa moja tu, usipokee, maana ukipokea umemla mwenzio salio. Siku za mwanzo Zuwena alijisahau akapokea kwa furaha. Salio la mama likaisha kabla ya salamu, na karipio likamfikia kwa mdomo wa mchuuzi aliyekuja na boti. Hakurudia tena.

Mtu asidhani Zuwena hakujaribu njia nyingine. Kampuni ilibandika mjini picha ya bibi anayecheka, simu sikioni, na maneno makubwa: Ongea na wako popote walipo. Akanunua hiyo forfait, yaani kifurushi cha dakika, akapiga Ujiji. Sauti ya mwanamke ikamwambia kitu kwa Kifaransa, na vocha ikayeyuka. Akaenda ofisini kwao kuuliza. Niyonkuru, karani wa kaunta mwenye shati lililopigwa pasi, alimjibu bila kuinua macho.

“Mama, hii forfait iko ya mu inchi tu. Ya inje iko na tarif yake.”

“Mumeandika popote. Popote inaishia ku mupaka?”

Niyonkuru akamwonyesha maandishi yaliyokuwa chini ya picha, madogo kama chawa, tena ya Kifaransa. Pesa hazikurudi. Ule ni wizi, hata mwizi akivaa shati la pasi.

Alhamisi moja mchana, Zuwena akimpimia mteja mawese, simu ikalia. Jina la mama. Haikuwa saa yake, na haikunyamaza. Zuwena hakuwaza ugonjwa, aliwaza salio. Akamwambia jirani yake Jamila kwamba mama amebonyeza akasahau kukata, na kwa kidole gumba chenye mafuta akamkatia yeye. Ikalia tena. Akakata tena, mara hii akicheka.

Magharibi ikapita bila bipu. Alipobipu yeye, akaambiwa simu haipatikani. Akajipa moyo kwamba chaji imekwisha, akalala vibaya.

Asubuhi zikaingia bipu tatu, namba ya Anwari. Zuwena akamwachia Jamila madumu na kukimbilia ofisini. Niyonkuru akamuuzia vocha ya nje, kisha ukaja ujumbe kwamba ombi lake linashughulikiwa. Akasubiri. Akasihi. Akaambiwa système iko chini, avumilie. Watu wakaingia, wakahudumiwa, wakatoka, naye kasimama palepale na simu kifuani.

Ilipokubali, Anwari hakuzunguka, maana naye alijua bei ya maneno. Mama amefariki jana alasiri, wamemzika leo asubuhi. Halafu akamuuliza kwa nini alikata. Walikuwa wamechangishana wakanunua dakika za ng'ambo za siku moja ili mama aongee naye, na mama aliishika simu mwenyewe. Hadi walipomaliza shughuli za maiti, muda wa dakika zile ulikuwa umepita, kampuni imezimeza nzima nzima.

“Alisema nini?” Zuwena akauliza, na simu ikakatika. Salio limekwisha. Niyonkuru, ambaye safari hii alikuwa ameinua macho, alishatoa vocha nyingine. Zuwena akalipa, akapiga tena, akauliza swali lilelile. Mara hii Anwari akazunguka kwanza, na dakika inakwenda.

“Dada, ugonjwa ulikuwa umeshamchanganya, hata mambo ya bipu alikuwa ameyasahau. Aliniuliza, ‘Zuwena amenikasirikia?’”

Zuwena akaanza kueleza. Kwamba alikata ili asimle mama salio lake, kwamba ndivyo walivyokubaliana, kwamba aliona jina lake akafurahi. Akaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi, watu wa foleni wakimtazama, na dakika zote zilizobaki akazimaliza akimweleza Anwari, aliyeyajua yote hayo, maneno ambayo yangemfaa mama peke yake.