Viganja vya Bi Nanaa

Mtaa mzima unamwita Bi Nanaa, na akipita huna haja ya kuuliza kwa nini. Miaka kumi na tisa amepika nanaa nyuma ya nyumba: gunia la majani ndani ya pipa, moto wa wastani, mvuke kwenye bomba lililozama ndani ya maji baridi, na mwishoni chupa. Mafuta huelea juu ya maji, vijiko vitatu kwa gunia zima.

Fundi viatu huyanunua apake kwenye paji la uso, gundi ikimuumiza kichwa. Muoka biskuti hutia tone kwenye sukari. Kila mmoja huambiwa maneno yaleyale: "Tone moja, si mawili. Na mtoto mchanga usimsogezee puani, atakata pumzi."

Kisha mwanawe akapata mtoto wa kwanza. Bi Nanaa alifika siku ya nne, ameoga mara mbili. Mkwe alimpokea mlangoni, akasita.

"Shikamoo, mama. Samahani, lakini..."

"Marahaba. Sema tu, mwanangu."

"Si unajua mwenyewe unachowaambia wateja?"

Mwanawe akadakia, "Mama, ukipita hata mbu wanapiga chafya."

Alicheka nao, akamtazama mjukuu kutoka kizingitini, akarudi nyumbani. Alijisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa unga. Harufu ilikuwa imejificha kwenye kucha. Dawa ilikuwa moja, kuacha kupika, na nanaa shambani ilikuwa imeanza kuchanua.

"Maua yakikomaa utapika nyasi, mafuta hamna," mdogo wake alimwonya.

"Basi pika wewe."

"Mimi mkataji wa majani tu. Moto wako na mimi hatujuani."

Aliacha msimu uende. Siku nane alikaa kibarazani, mikono mapajani, na uchovu wa miaka yote ukamfikia kwa pamoja, kama mgeni aliyekuwa akingoja tu mwenyeji aketi.

Siku ya tisa alirudi kwa mwanawe, na mkwe akashika viganja vyake, akavinusa kimoja kimoja.

"Bado ipo kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mkwe alimlaza mtoto kwenye mapaja ya bibi yake, kichwa upande wa magoti, mbali na kifua.

"Nachemsha chai tu, mama."

Chai ilichelewa. Mkwe aliporudi, miguu ya Bi Nanaa ilikuwa imekufa ganzi mpaka nyongani, na hakuwa amejisogeza hata kidole.