Kichuguu cha Kukhu

Likizo hii nilipokuwa narudi kutoka bweni, mvua ya kwanza ilinipokea njiani, ile fupi inayoacha jua likicheka. Kama umezaliwa huku kwetu Kakamega, rafiki yangu, unajua mate yaliyonijaa. Mvua ile ni ya kumbikumbi. Nikakimbilia nyuma ya jiko la kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, sanduku la shule likiwa bado kichwani. Nikakuta miwa. Nilijua ni miwa, lakini miguu haisomi historia.

Zamani pale palikuwa na kichuguu kirefu kunishinda mimi pamoja na kiburi changu. Kukhu alikirithi kwa mama mkwe wake. Kwetu kichuguu kina mwenyewe kama ng'ombe. Ukivuna cha mwenzako wewe ni mwizi, hata mhubiri akuombee. Msimu ukifika alijenga kijumba cha fito juu ya matundu, akafunika blanketi kuukuu, akachimba kishimo cha kuwapokea. Sisi watoto tukagonga vijiti juu ya gogo tukiigiza mvua. Kumbikumbi ni washamba kama kidato cha kwanza: husikia mlio, wanatoka na mabawa ya harusi. Tuliwala wabichi wakitutekenya ulimi. Waliobaki walikaangwa kwa chumvi, tukalia obusuma, ugali wetu.

"Piga polepole, mume wangu," kukhu aliniambia. "Mvua gani hiyo inakimbia kama mwizi?"

Halafu sukari ikapanda cheo. Miwa ikala migomba, ikala malisho, ikala miti iliyofunika chemchemi, na chemchemi ikakauka. Hata kwaya ya watoto ikatungiwa wimbo wa kusifu miwa. Niliimba kwa nguvu zote, tulikuwa tumeahidiwa soda.

Siku moja baba alikitazama kile kichuguu, akaona mistari miwili zaidi ya miwa.

"Mwanangu," kukhu akamwambia, "miwa imefika jikoni. Ikiingia kitandani utalala wapi?"

"Mama, dunia inaendelea. Chakula utanunuanga sokoni."

"Na sokoni kitatoka wapi, wote wakipanda miwa?"

Baba akacheka. Akaenda kutafuta trekta.

Tangu hapo, kila trekta iliponguruma, kukhu alikwenda kuketi juu ya kichuguu akichambua mboga zake. Dereva alizima injini, akakuna kichwa, akaondoka. Mzee wa kanisa akaja kumsihi. Kukhu akampa mrenda amsaidie kuchambua.

Basi wakangoja. Msiba ulipotokea kwa dada yake kule Ekero, ilibidi aende kulala matangani, maana mfiwa haachwi peke yake. Baba alimpa pole, akambebea kikapu mpaka stendi. Kabla baba hajarudi nyumbani, trekta ilikuwa uani. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Waliogopa kumkabili mama mzima, wakamvizia akiwa na machozi.

Aliporudi, pale palikuwa bapa kama chapati, na vipande vya miwa vimeshafukiwa. Akaniuliza neno moja tu.

"Malkia wao mlimwona?"

Nilimwona. Kuku walimgombania.

Muhula uliokwisha mwalimu wa jiografia alituambia kwamba huko ng'ambo wataalamu wameanza kuogopa: watu wanataka kukua bila mwisho juu ya ardhi isiyokua. Alisema kama mtu anayefungua zawadi. Nikainua mkono: "Mwalimu, wamechelewa. Nyanya yangu alilikalia hilo jibu, wakamng'oa." Darasa likavunjika mbavu, nami nikapewa kufyeka nyasi. Nilifyeka kwa hasira mpaka maua ya mwalimu mkuu yakaenda pamoja nazo.

Basi juzi, baada ya mvua ile, nikachukua vijiti nikaingia kati ya miwa nikaanza kugonga. Polepole, kama nilivyofundishwa. Akatoka msimamizi wa mashamba wa kiwanda cha sukari, tumbo mbele.

"Nani huyo anaibanga miwa?"

Kukhu alikuwa mlangoni pa jiko. "Umegonga vizuri, mume wangu," akasema. "Lakini huyo mrudishe. Hana hata mabawa."

Tulicheka mpaka msimamizi akaondoka akinuna. Kisha tukaingia jikoni. Jua lilikuwa linazama na hakukuwa na kitoweo. Tulikula obusuma kwa chai. Baba akanisukumia bakuli la sukari, limejaa hadi kumwagika. Sikuligusa. Juu ya mabati mvua ya kweli ikaanza kupiga, polepole, vilevile kukhu alivyotaka, na hakuna kilichotoka.