Taulo la Faradji

Mume wangu alikuwa na jina. Alipewa na baba yake, muuza vitambaa wa mtaa wa Waislamu hapa Gisenyi, nalo ni Faradji. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini watu wa mji huu walimwita Taulo. Walimwita hivyo sokoni, walimwita hivyo kwenye foleni ya mpakani, na wengine ambao watoto wao niliwafundisha kusoma walinisimamisha barabarani kuniuliza kama Taulo iko nyumbani. Siku alipofariki nilisikia mtu nje ya ua wangu akisema kwamba Taulo amekufa. Ndipo nilipoamua kwamba jambo hili litaandikwa na mtu aliyeliona, na aliyeliona ni mimi.

Faradji alikuwa bondia wa kulipwa. Alipokuwa kijana alipakia mizigo kwenye bandari yetu ndogo, na kila asubuhi kabla ya kazi alikimbia kando ya ziwa mpaka Nyamyumba, akaloweka ngumi zake kwenye chemchemi za maji moto. Aliamini kwamba maji yale yanakomaza ngozi. Nilimwambia kwamba maji moto hulainisha ngozi, akanijibu kwamba vitabu vyangu havijawahi kupigwa. Alipigana Bukavu, Bujumbura na Kampala, na hakuna aliyewahi kumlaza chini. Wazazi wangu, Wakatoliki wa Kanama, waliuliza msichana aliyesomeshwa na masista anatafuta nini kwa mpiga ngumi Mwislamu. Niliwajibu kwamba ndiye mwanamume pekee niliyemjua ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. Nilibaki na dini yangu, naye na yake, na nyumba yetu haikuwa na aibu yoyote mpaka pambano la Goma.

Hilo lilikuwa mwaka 1976. Mpinzani wake aliitwa Jack, mtoto wa Goma, hodari kweli, na mkanda uliogombewa ulimtosha yeyote kati yao. Nilikaa karibu kabisa na kona ya mume wangu. Katika raundi ya tano jicho moja la Jack lilivimba hadi likafunga. Katika raundi ya saba nyusi ya jicho la pili ilipasuka, damu ikamjaa jichoni. Kuanzia hapo Jack alikuwa akipiga hewa, akigeuza uso upande ambao Faradji hakuwepo.

Faradji alishusha mikono, akamwambia refa asimamishe pambano. Refa naye alikuwa mtu wa Goma na hakutaka mji wake ushindwe. Aliwaamuru waendelee. Huko nyuma, mbali na taa, watu waliona tu kwamba Jack amesimama na Faradji hataki kupiga, na wale wetu waliovuka mpaka kuja kumshangilia wakaanza kumzomea. Ngumi moja ingemaliza kila kitu. Badala yake mume wangu alitembea hadi kwenye kona yake, akachukua taulo begani mwa kocha, akalitupa katikati ya ulingo. Taulo likitoka kona yako, umeshindwa wewe, ndiyo sheria. Jack alivalishwa mkanda, kisha akashushwa ngazi akiongozwa kwa mkono kama mtoto.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza Faradji kwa nini hakumpiga.

"Nipige mutu mwenye hanioni?" alisema.

Hakuitwa tena kwenye pambano lolote. Mapromota hawakutaka mtu anayejitupia taulo, na wengine walisema wazi kwamba alinunuliwa. Alijifunza cherehani, akawa fundi wa nguo karibu na msikiti. Kidole kimoja kilichovunjika Kampala kilimzuia kushika sindano, kwa hiyo vifungo nilishona mimi, mwalimu mwenye diploma, na sikuona haya. Nilichoona ni kwamba mtu aliyefanya tendo la heshima kuliko yote yaliyowahi kufanyika katika ulingo ule alikuwa akichekwa na watu wasioweza hata kukunja ngumi sawasawa.

Mwaka 1999, mji ulipotulia baada ya vita, binti yetu Yasmina aliposwa na Twahir, kijana wa Goma. Tulikubali. Wiki moja kabla ya sherehe ya kuomba mchumba ndipo tulipojua kwamba Jack ni baba mdogo wa Twahir.

Wasomaji wa mbali wajue kwamba kwetu, siku hiyo, baba wa msichana hasemi. Kila familia ina msemaji wake, na wasemaji hutaniana: huzushiana ulafi, uvivu, hata wizi wa ng'ombe wasiokuwepo. Wageni hukaa na kiu yao hadi msichana atolewe. Msemaji wao, Mzee Mbarushimana, alisimama na fimbo yake.

"Sisi tumekuja kichwa juu," alisema. "Mu familia yetu iko champion, ule pale, Jack. Tunaomba binti, lakini tunauliza: siku watagombana na bwana yake, atatupa taulo sawa baba yake?"

Walicheka wao, na wakacheka wetu. Faradji alikuwa anaangalia viatu vyake, akitabasamu kidogo kama desturi inavyotaka. Nilitoka kwenye viti vya akina mama, nikamnong'oneza kaka yangu Bizumuremyi, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alinitazama kwa hofu, lakini alisimama.

"Bon. Binti tutatoa," alisema. "Lakini Fanta haitafunguliwa mpaka champion wenu atuambie na kinywa yake, raundi ya saba iliishaka namna gani."

Jack alisimama taratibu. Jicho moja lilikuwa limekwisha kuwa jeupe.

"Mi sikukuwa naona," alisema. "Jicho moja ilikuwa imefunga, ingine ilijaa damu. Faradji aliambia refa asimamishe, refa akakataa. Donc akaenda mwenyewe kukamata taulo, juu asiniue. Mukanda nilipeleka nyumbani, lakini si mi nilishinda."

Kisha Mzee Mbarushimana akapiga makofi.

"Munaona mutu wa heshima?" alisema. "Anajishusha mbele ya bakwe juu tupewe muke. Mutoe binti sasa, kiu inatuua."

Makofi, vigelegele, Fanta zikafunguliwa. Ukweli ulikuwa umesemwa mbele ya watu wote, nao wakaumeza pamoja na soda, kwa sababu siku ile kila linalosemwa ni utani. Kesho yake muuza nyanya alinisifia jinsi Jack alivyojua kubembeleza wakwe, kisha akamwita mume wangu Taulo.

Nilimwambia Faradji aende mwenyewe akawaambie watu ukweli. Alikataa.

"Mama Yasmina, nikisema mi, Jack atakuwa mutu mwenye alipewa mukanda kama sadaka. Na yeye iko na batoto."

Hata sisi tulikuwa na watoto. Nilimwambia hivyo, na kwa siku kadhaa sikumwambia kitu kingine.

Aliaga dunia mwaka huohuo, kabla ya Krismasi, kwa moyo. Siku ya hitima Jack alivuka mpaka akishikwa mkono na Twahir, akaketi mkekani pamoja na wanaume. Dua ilipokwisha nilikwenda upande wao. Baadhi walishtuka, mwanamke tena Mkristo, lakini marehemu alikuwa wangu, na jina lililochafuliwa lilikuwa langu pia.

"Jack," nilimwambia, "siku ile walicheka. Leo hakuna anayetania. Sema tena."

Alivua kofia, akayasema yaleyale, kwa maneno machache zaidi. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Mbarushimana aliinamisha kichwa, halafu akamuuliza kwa sauti ndogo mbona miaka yote ile hakusema.

"Hakuna mutu aliniuliza," alijibu Jack, "kabla ya huyu mama."

Hakuna aliyemuuliza. Kana kwamba mtu aliyerudi nyumbani na mkanda wa mwenzake anahitaji kuulizwa.

Alikuwa mgeni katika nyumba ya msiba, na mimi nililelewa vizuri. Nilimpa chai. Mkono sikumpa.