Kulizika Benchi

Mwalimu wa wachungaji hufundisha maziko kwa benchi. Hulilaza katikati ya darasa, akalifunika shuka, kisha akawaita wanafunzi wake, wakulima na mafundi wenye makanisa ya kuongoza, mmoja mmoja waje "kumzika marehemu." Anayeanza na "alikuwa mtu wa watu" hukatizwa kwa kofi la meza. "Mtu wa watu gani? Hilo ni benchi!" Darasa huvunjika mbavu.

Wiki moja baada ya kumzika mkewe, alilifunika benchi vilevile. Fundi cherehani, ambaye kesho yake angeongoza maziko ya kweli ya bibi mmoja, ya kwanza maishani mwake, alisimama akitokwa jasho.

"Mwalimu, nitasema nini? Yule bibi simjui."

"Waulize wanawe."

"Niwaulizeje watu wanaolia?" Fundi akamgeukia mwalimu. "Basi nianze na wewe. Mama yetu alikuwaje?"

Mwalimu akajipangusa chaki kwenye suruali. "Nikikosea mstari wa Biblia, alikuwa akinisahihisha palepale kutoka kiti cha mbele, kanisa zima likisikia." Akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Umeuliza vizuri, fundi. Leo jioni pita kwa wafiwa, waulize hivyohivyo. Na wakicheka, usiogope."