Mama Saa haamini betri ya mtu, hata ya wifi

Saa mbili kamili asubuhi, Mama Saa anabana waya mbili kwenye betri. Balbu ya gari inawaka mezani, naye anatazama saa ya ukutani na kuandika ubaoni kwa chaki: 2:00. Kisha anavuta stuli na kukaa, macho kwenye balbu, kama mtu anayemlinda mwizi.

Upande wa pili wa meza, mwenye betri amenuna. Ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe.

"Unanipima mimi?"

"Sikupimi wewe, wifi. Napima betri."

"Betri si yangu?"

"Ndiyo maana naipima," anajibu Mama Saa, wala hatabasamu.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitatu ananunua na kuuza sola za mtumba: paneli, betri, taa. Jina la utani alilipata kwa sababu betri hainunui kwa sura wala kwa maneno matamu, anainunua kwa saa. Betri mpya ya ukubwa huu huiwasha balbu yake saa kumi kabla ya kontrola, kile kifaa kinachozima umeme betri ikikaribia kuisha, kukata. Ikiwa imetumika, kila saa inayowaka anailipia elfu ishirini.

Mita anayo, ila haiamini. Watu huijaza betri mbovu juani, wakifika dukani mita inasoma vizuri tu.

"Mita inakwambia betri imeshiba," anasema. "Haikwambii ina tumbo kubwa kiasi gani."

Paneli nazo hazimpiti. Hukwangua lebo kwa ukucha, maana ameshakuta lebo ya wati mia imebandikwa juu ya lebo ya wati sitini.

Hakuzaliwa na roho hii. Miaka minne iliyopita, wifi huyu huyu alimletea betri. Mama Saa aliona haya kumpima mkubwa wake. Alilipa bei aliyotajiwa, akamuuzia kinyozi. Siku ya tatu kinyozi aliingia dukani na mteja wake, kitambaa bado shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, nusu msitu.

"Mtaa mzima ulicheka. Mimi nililia," anakumbuka.

Alirudisha hela yote, na mtaji wa laki nne ukabaki laki mbili. Miezi mitatu hakuna aliyenunua kwake hata waya. Wifi anashikilia mpaka leo kwamba betri ilikuwa nzima, kinyozi ndiye aliyeiua. Tangu hapo wawili hawa ni watu wa salamu tu.

Sasa umeme wa nguzo umefika kwa wifi, anataka kuuza betri aongezee hela ya friji. Moyoni Mama Saa ameshaipa saa mbili, haizidi hapo. Akitoa bei ya undugu, atakayeinunua kesho ndiye atakayelia. Akimpunja wifi, nyumbani hapatakalika.

Saa nne inafika, balbu inawaka. Wifi anaanza kuishuku balbu, pengine inakula kuliko kawaida. Anatoka, anarudi na mpya kutoka duka la jirani, wanabadilisha. Mwanga ni ule ule. Inapofika saa sita, zamu ya kushukiwa ni ya saa ya ukutani. Wifi anailinganisha na simu yake mara mbili.

Saa nane Mama Saa naye anashindwa kuvumilia. Anafuata waya kwa vidole hadi mwisho, anainama, anachungulia chini ya meza.

"Natafuta betri ya pili," anakiri.

Hakuna. Saa nane na nusu kontrola inakata. Betri imewasha saa sita na nusu.

Mama Saa anaona haya, safari hii kwa haki. Anatoa laki moja na elfu thelathini. "Nisamehe, wifi. Nilijua unanipiga tena."

"Na mimi nilijua unanipunja," wifi anajibu, na wote wawili wanacheka kidogo, kwa tahadhari.

Anachotamani Mama Saa sasa ni saa kubwa ya pili itakayotundikwa nje, muuzaji ajisomee mwenyewe. "Nao wana haki ya kunishuku," anasema.

Wiki moja baadaye saa hiyo imefika, zawadi kutoka kwa wifi. Lakini nje haijatoka. Imetundikwa ndani, kando ya ile ya zamani, ziende pamoja siku tatu kwanza.

"Si kwamba simwamini," anasema Mama Saa, akizitazama zote mbili. "Ila wifi ni wifi."