Buibui Aliyelala Chali

Natamani ningekataa binamu yangu Juma aliponiambia nimtupe motoni buibui wa kaka yangu.

Nilikumbuka hayo juzi hapa ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park, mjukuu wangu aliponidaka mkono mbele ya tangi lake la kioo. Buibui wake mkubwa mwenye manyoya alikuwa amelala chali. "Babu, usimguse! Anabadilisha ngozi."

Kule Tanga, kaka Salimu, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani, alimfuga wake ndani ya chupa ya jamu. Aliwahi kuniambia, "Ukimwona amelala chali, ujue anavua buibui." Nikacheka. Buibui nililojua kwamba huvuliwa lilikuwa lile vazi jeusi la mama.

Alasiri ile Salimu alikuwa usingizini, na buibui wake amelala chali chupani. "Kafa huyo," Juma alisema. "Au unaogopa hata maiti, mwali wewe?" Nikaimwaga chupa kwenye jiko la mkaa. Miguu ilikunjuka, ikapapasa makaa, kisha pakanuka nywele zilizoungua.

Harufu ile ilimwamsha Salimu. "Alikuwa hai," alisema, akageukia ukutani. Kila nilipoingia baada ya hapo, alifumba macho. Nilimpoteza kaka yangu siku tisa kabla hajafa.