Kuku Mwekundu wa Susu Kaveke

Ukitaka kumjua Mwongeli wa Kathonzweni, usimtafute kanisani wala sokoni. Mtafute pale wanawake wa mwethya wanapolima. Huyo wa mbele, aliyejifunga leso kiunoni na kuanzisha nyimbo, ndiye yeye. Mwethya, kwa asiyejua, ni kikundi cha majirani wanaozunguka mashamba wakichimbiana matuta ya kuzuia maji ya mvua. Leo kwangu, wiki ijayo kwako. Kwa mikono hiyo Mwongeli alimsomesha binti yake Ndinda tangu baba mtu alipofariki, na aliposema hakuwahi kumwomba mtu kitu, alisema kweli. Kweli hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Ndinda alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea mambo ya maji na udongo, alipochaguliwa kwenda Uholanzi muhula mmoja. Wanafunzi wa huko walikuwa wanakuja huku, wa huku wanakwenda huko. Habari ilipofika kijijini watu walicheka, maana Ndinda alieleza kwamba Uholanzi shida yao ni kuyafukuza maji. Sisi huku tunayachimbua mchangani kwa kikombe, wakasema, na mtoto wetu anakwenda kwa watu wanaoyafukuza. Lakini walicheka kwa furaha. Ufadhili ulikuwa mzuri: karo, chumba na chakula vyote vimelipiwa. Kitu kimoja tu kiliachwa juu ya mwanafunzi, nacho ni nauli ya ndege. Tiketi isipopatikana kabla ya Agosti kuisha, nafasi ingepewa mwingine.

Basi ikaitishwa harambee, Jumapili moja ya Julai, baada ya ibada. Kiangazi kilikuwa kimeuma mwaka huo, lakini wanawake wa mwethya walikuja na walichonacho kipigwe mnada. Mmoja alileta debe la pojo, mwingine mbuzi, mwingine mkungu wa ndizi aliokuwa ameununua mwenyewe. Susu Kaveke, bibi kizee anayeishi peke yake kule chini karibu na mto, alipanda kilima chote na kuku mwekundu kwapani. Alikaa benchi la mbele, kuku kimya mapajani, akingoja zamu yake.

Mgeni wa heshima alikuwa Bwana Musyimi, mzaliwa wa hapo, mkandarasi wa barabara huko Nairobi. Alisimama kabla mnada haujaanza. Akasema yeye pia alisomeshwa na kijiji, na kwamba nauli yote ya Ndinda, kutoka hapa hadi huko na kurudi, wamwachie yeye. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mwongeli alilia, na katika kulia huko akashika kipaza sauti. Akawashukuru wote, kisha akawaambia wanawake wenzake kwamba Mungu ametenda, kwa hiyo wachukue vitu vyao warudi navyo nyumbani. Wasijisumbue tena.

Kwa moyo wake aliona amewahurumia. Na nitasema ukweli, alijisikia vizuri pia. Mtu ambaye hakuwahi kuomba alipenda kusimama mbele ya watu na kuwaambia hahitaji. Mbuzi akafunguliwa, debe likabebwa kichwani. Ndinda, aliyekuwa ameketi karibu na mama yake, alimwona Susu Kaveke akimrudisha kuku kwapani taratibu na kutoka kwa mlango wa pembeni. Alitaka kumfuata, lakini watu walikuwa wanampa mkono.

Wahenga walishatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani hukumbuka methali siku ya sherehe? Agosti iliingia. Bwana Musyimi akawa hashiki simu. Mwongeli alimpigia asubuhi, akampigia jioni, akamtumia salamu kwa watu wa kwao. Siku aliposhika, hakudanganya. Alisema kazi aliyofanya hajalipwa, mashine zake zimechukuliwa na wanaomdai, na kwamba siku ile kanisani aliahidi akiamini pesa ziko njiani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona aibu kweli. Mwongeli alijikuta anampa pole. Alipokata simu aliketi kwenye kigoda akahesabu siku. Zilibaki wiki mbili.

Alimwendea nani? Alikwenda kwa wenzake. Siku ya mwethya alibeba jembe lake akafika shambani kwa mwenyekiti wao, Kalunde, mapema kuliko wote. Wanawake walimsalimia vizuri. Hakuna aliyemnunia. Lakini walipojipanga kwenye mstari, hakuna aliyesogea kumpisha pale mbele palipokuwa pake. Akachimba mwisho wa mstari, na wimbo alioanzisha ukaitikiwa na sauti mbili tatu, ukafa. Hapo akajua kuna jambo.

Wakati wa kupumzika aliwaeleza yaliyompata. Kalunde akaweka chini bakuli lake la muthokoi, akafuta mikono.

"Mama Ndinda," alisema, "ile siku ulituambia turudi na vitu vyetu, na sisi tukarudi navyo. Ulikuwa unaona umetuhurumia?"

"Niliona hii kiangazi imewamaliza."

"Imetumaliza. Lakini si sisi tuliokuambia hivyo."

Kalunde aliendelea bila kupandisha sauti. Huku kwetu, alimkumbusha, mtu akikuletea kitu unakipokea, hata kama ghala lako limejaa, kwa sababu akikupa leo amejiachia mlango wa kuja kwako kesho. Ukimrudishia mbele ya watu, umeufunga mlango huo, na umemwambia kitu chake ni kidogo. Wote walikuwa wamemchimbia matuta, naye amewachimbia. Ni nani basi aliyemwambia kwamba kwenye mambo ya ndege na ng'ambo wao si watu?

Ukivuliwa nguo, chutama. Mwongeli alichutama. Aliinama mbele yao na kuomba msamaha kwa Kikamba, maneno machache, na machozi yakamtoka. Kalunde akamwambia vitu bado vipo, lakini havitapelekwa kanisani mara ya pili. Aliyevirudisha ndiye atakayevifuata, nyumba kwa nyumba, avipokee kwa mikono yake.

Hiyo ndiyo adhabu waliyompa, na kwake ilikuwa kubwa kuliko kuchimba mlima. Alizunguka akipiga hodi kama mwombaji, na kila mlango ulimfungulia. Walimpa pojo, wakampa mbuzi, aliyeleta ndizi akatoa gunia la makaa maana ndizi zilishaliwa. Kila mmoja alimkalisha kwanza, akamwuliza habari za Ndinda. Kufikia mlango wa tano aibu ilikuwa imeanza kulegea, na mahali pake pakaingia kitu alichokuwa hakijui, raha ya kupewa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Susu Kaveke. Alimkuta akipepeta mbaazi uani. Hakukuwa na kuku hata mmoja uani hapo.

"Nimekuja kuchukua kuku yako, Susu, kama bado unampatia Ndinda."

Bibi kizee alijibu akiendelea kupepeta. "Hiyo kuku ilikufa. Ugonjwa ilipita hapa na huu upepo wa Agosti, ikamaliza zote." Akaweka ungo chini. "Nilikuwa na nne. Hiyo nyekundu ndiyo ilikuwa inataga. Ndiyo nilichagulia mtoto. Sasa sina kitu ya kumpea."

Mwongeli alijua ingekuwa rahisi kusema si neno, Susu, usijali. Maneno hayo hayo ndiyo yaliyomfikisha hapo. Alijikaza akayameza. Badala yake alimwomba maji ya kunywa. Susu Kaveke aliingia ndani akatoka na kikombe kilichojaa, maji ambayo mgongo wake mwenyewe uliyatoa mtoni. Mwongeli aliyapokea kwa mikono miwili, akayanywa yote, hakuacha tone. Kisha akamwuliza ni lini mara ya mwisho mwethya ilipochimba hapo kwake. Bibi kizee akacheka, akasema yeye hawezi tena kuchimba, kwa hiyo zamu yake ilishasahaulika. Kesho yake kabla jua halijawa kali Mwongeli alikuwa shambani hapo peke yake, na kabla ya mchana Kalunde na wengine walikuwa wamefika na majembe yao. Safari hii walimpisha mbele.

Vitu viliuzwa sokoni Kathonzweni, kikundi kikaongezea akiba yake, na tiketi ikapatikana zikiwa zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole. Ndinda akaenda.

Mvua za Novemba zilikuwa zimeshaanza alipopiga simu kumwambia mama yake kwamba kule chuoni wanafunzi wageni wameombwa waeleze ni nani waliowawezesha kufika. Yeye alishaandika wafadhili. Sasa alitaka majina ya wa nyumbani, na kila mmoja alitoa nini.

Mwongeli alikuwa mlangoni, akitazama maji yakisimama kwenye matuta.

"Anza na Susu Kaveke," alisema. "Kuku moja, nyekundu, ya kutaga."

"Lakini mwaitu, si uliniambia hiyo kuku ilikufa?"

"Ilikufa, ndiyo. Lakini yeye aliitoa, Ndinda, na wewe ulikuwa hapo ukaona. Ni mimi sikupokea. Iandike."